Feni ya Jackton Opondo

Nyumba ya Jackton Opondo pale Kapsoit ilichorwa na yeye mwenyewe, kwa rula na penseli, wakati bado anafanya kazi kiwandani, na ndiyo maana bafu lake halikuwa na dirisha. Lilikuwa katikati ya nyumba, limezingirwa na vyumba pande zote kama mshukiwa aliyezingirwa na askari. Siku msingi ulipochimbwa, mkewe Syprose aliuliza mvuke utatokea wapi. Jackton akamjibu kwamba wezi wa siku hizi huingilia bafuni. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa kuwa mwenye rula alikuwa mmoja.

Kapsoit haina upungufu wa ukungu. Kila asubuhi unashuka kutoka kwenye mashamba ya chai na kulala barabarani mpaka jua lipate nguvu. Nyumba ya Opondo ikajipatia na wake wa ndani. Ulianza kama madoa meusi kwenye kona ya dari ya bafu, ukatambaa hadi chumba cha kulala, ukapanda kabati, na siku ya Pasaka Syprose alipotoa sare yake ya kina mama wa kanisa, alikuta kola imeota manyoya ya kijani. Madirisha ya vyumba vya kulala yangesaidia, lakini Jackton alikuwa ameyapigilia misumari. Alisema baridi ya Kericho ikishaingia kwenye magoti haitoki.

"Baba Molly, ng'oa hata ya dirisha moja," Syprose alimwomba.

"Unataka nife?"

Kung'oa msumari kungekuwa kukiri kwamba rula ilikosea. Kununua mtambo, kwa upande mwingine, kungekuwa maendeleo. Jackton akaanza kutazama video kwenye simu, za wazungu waliojikunja ndani ya dari zao wakifunga feni katikati ya bomba. Alizitazama akinywa chai, akazitazama akila ugali. Akaanza kuzungumza juu ya hewa mezani kama watu wengine wanavyozungumza juu ya watoto wao. Na tusimwonee peke yake. Syprose, kabla feni yenyewe haijanunuliwa, alikuwa tayari amewaambia wenzake wa chama kwamba kwake kunawekwa mtambo, na neno hilo "mtambo" alilitamka polepole, akaliacha likae kidogo hewani.

Wakaenda mjini Kericho, kwenye duka la vifaa vya umeme la Bilhah, mwanamke mnene mwenye miwani aliyekuwa amechoka kuelimisha wateja tangu asubuhi.

"Bafu lenu ni kubwa kiasi gani, mzee?" Bilhah aliuliza.

"La kutosha," Jackton akasema.

"Basi hii ya inchi nne itatosha. Inakaa ndani ya dari, katikati ya bomba. Inavuta mvuke huku bafuni, inautupa nje kule. Na haipigi kelele."

Jackton aliigeuza mkononi ile feni ya inchi nne kama mtu aliyeletewa kikombe cha mtoto. Kisha akamweleza Bilhah yeye ni nani. Alikuwa msimamizi wa sehemu ya kunyausha majani ya chai katika kiwanda kikubwa. Kule feni zilikuwa na mapanga marefu kuliko mlango huu. Aliyesukuma hewa maisha yake yote hawezi kurudi nyumbani na kitu cha kukaushia nywele.

"Kule mlikuwa mnanyausha majani, mzee," Bilhah akasema. "Hapa ni mtu anaoga."

Syprose aliangalia pembeni ili asicheke. Baada ya mvutano walikutana kwenye inchi sita, na Bilhah akatoa bomba lake. Lilikuwa laini, la kukunjika, limevikwa sufi na karatasi ya kung'aa.

"Hili linameza sauti," akaeleza. "Na mvuke haugeuki maji ndani."

Jackton akaliminya kwa vidole viwili. "Hili ni kama mkono wa sweta ya mtumba. Hewa inataka njia imara. Nitaweka lile gumu, la maji taka."

"Bomba gumu linapitisha sauti, mzee."

"Si umesema feni haina kelele?"

"Feni haina. Lakini wewe ukiwa huko ndani..."

Jackton alikuwa ameshapiga hatua kuelekea kwa rafu za mabomba. Bilhah akamtazama Syprose, Syprose akamtazama Bilhah, na wanawake hao wawili walielewana vizuri sana bila faida yoyote.

Fundi aliyeitwa kufunga alikuwa Kiptanui, mwenye kibanda chake pale pale barabarani. Sifa kubwa ya Kiptanui ilikuwa kukubali. Ukimwambia ukuta ni mweupe atasema sawa mzee, ukimwambia ni mweusi atasema sawa mzee, na kwa tabia hiyo alikuwa hajakosa kazi tangu atoke shule. Alipanda darini, akatoboa, akafunga feni kwenye mbao kwa skrubu na mpira wa kuzuia mtetemo, akavuta umeme kutoka kwa taa ya bafu na kuweka swichi yake peke yake. Kilichobaki ni kuamua bomba litokee wapi.

Upande wa mbele haikuwezekana, kwa sababu mbele kulikuwa na nguzo mbili zilizopakwa rangi ya dhahabu na Jackton hakutaka mgeni apokelewe na tundu. Upande wa nyuma kulikuwa na chumba chake cha kulala. Ikabaki ubavuni, ambako ukuta ulikaribiana na ua wa miti ya saiprasi, na ng'ambo ya ua ilikuwa varanda ya Morris na mkewe Mwihaki.

"Mzee, hapa itaankalia watu wakinywa chai," Kiptanui akasema kwa lafudhi yake ya Kikalenjin.

"Hewa haina mwenyewe."

"Sawa mzee."

Bomba likatokeza chini ya paa, la kijivu, limenyooka kama bunduki. Bilhah alikuwa amewauzia pia kifuniko cha nje chenye vibao vya kujifunga feni inapozimwa. Upepo wa mchana ukavipiga vibao vile, tap tap tap, Jackton akasema vinamsumbua akili, vikatolewa.

Lazima isemwe kwamba feni ilifanya kazi. Ilivuta mvuke mpaka kioo cha bafu kikawa kikavu mtu akiwa bado na sabuni masikioni. Madoa meusi yalisuguliwa na hayakurudi, na kola ya Syprose ikabaki kola. Kwa wiki kadhaa Jackton alimpeleka bafuni kila aliyefika kwake, pamoja na mchungaji, akawasha, akazima, akawasha tena, akishika karatasi ya choo juu ya tundu ili waone inavyovutwa. Mchungaji alisema Bwana asifiwe.

Kisha bafu, kwa kuwa sasa lilikuwa kavu na lenye joto, na kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye komeo, likageuka ofisi. Wenye nyumba wa barabara ile walikuwa wanajiandaa kuchagua mwenyekiti wa kamati ya kisima, na Jackton hakuona mtu mwingine aliyefaa. Kila alasiri alijifungia humo, akakaa juu ya kifuniko cha choo, akazima feni ili asikie vizuri, akapiga simu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyefanya kazi miaka mingi kando ya mitambo, na hakujua nyingine.

Chama cha kina mama kilikuwa kinakutana siku ya Alhamisi kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Ghafla zamu zikakoma. Mwihaki alisema varanda yake ina jua zuri, wote wakakubali, na wakaanza kufika mapema, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu chama kianzishwe. Syprose ndiye aliyekuwa anachelewa, kwa sababu alimpikia Jackton kwanza. Kila alipoingia alikuta mazungumzo yamekatika na mtu anamsogezea kiti kizuri. Walimwekea kipande kikubwa cha keki. Jerusa, mke wa Lazarus, alimshika mkono siku moja na kumwambia ajipe moyo. Syprose alifikiri wamesikia habari mbaya ya afya yake ambayo yeye mwenyewe hajaisikia.

Alhamisi moja Jackton alikula mapema, na Syprose akafika varandani wenzake wakiwa bado wanamimina chai. Wakatazamana. Mwihaki akainuka haraka kuwasha redio, lakini alichelewa.

"Lazarus, ndugu yangu," ukuta ukasema.

Ilikuwa sauti ya Jackton, nene na safi, kana kwamba amekaa katikati yao na sahani ya mandazi magotini. Ilitoka kwenye bomba la kijivu juu ya saiprasi.

"Wewe ndiye mweka hazina wangu. Huo uamuzi nimeshafanya. Huyo Morris mwache, Morris ni mtu wa viazi, utampa hazina ya kisima aipeleke sokoni?"

Mwihaki, mke wa mtu wa viazi, alikoroga chai yake. "Alhamisi iliyopita hazina alikuwa amempa Morris," akasema kwa upole. "Na ile nyingine alimpa jirani yetu Kipkoech."

"Aliniambia nisimwambie mtu," Jerusa akamwiga mumewe, na wanawake wakacheka, kisha wakakumbuka nani amekaa nao wakainamia vikombe.

Syprose hakujua aweke wapi macho. Alitamani kusema kitu cha kumtetea mume wake, hata kitu kidogo, akatafuta na hakukipata. Na huku anatafuta, ukuta ukaanza simu nyingine. Alikuwa Apiyo, dada mkubwa wa Jackton, kule nyumbani kando ya ziwa.

"Hapana dada, nyumba sasa ni nzuri," Jackton alisema. "Ilikuwa inaoza kwa sababu ya huyu mke wangu. Unajua alivyo. Hajui hata kufungua dirisha. Mtu anaamka, anakaa ndani na mvuke kama kuku anayelalia mayai. Mwishowe alinililia nimnunulie mtambo, nami nikamhurumia... Eh. Eh. Hata wewe ulisema hivyo siku nilipomleta."

Mwihaki alinyoosha tena mkono kwa redio.

"Iache," Syprose akasema.

Alisikiliza mpaka mwisho. Jackton na Apiyo waliipitia mikono yake, upishi wake, namna anavyotembea, na ndugu zake wa kike mmoja mmoja. Hakuna aliyekunywa. Simu ilipokatwa, ukasikika mlio wa swichi, feni ikaanza kunguruma, na hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya sabuni ikawapitia usoni wote bila kubagua.

Alirudi nyumbani akiwa na maneno tayari mdomoni. Alimkuta Jackton anasoma gazeti. Jackton aliinua macho na kumwuliza kama kuna chai, na maneno yale yakarudi yalikotoka. Siyo kwamba aliogopa. Ni kwamba alikuwa ameishi na mtu huyu, akamzalia, akamfulia ovaroli zenye vumbi la chai, na leo ndiyo siku ya kwanza kumsikia anavyozungumza wakati yeye hayupo. Alitaka kusikia zaidi. Akaanza kupika mapema siku za Alhamisi.

Uchaguzi ulifanyika kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada, kwa kupanga mistari nyuma ya wagombea. Jackton alisimama mbele akiwa na koti lake la kahawia, mikono nyuma, akisubiri mstari wake umsukume. Dakika ya mwisho Morris, ambaye hakuwahi kutamani kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, alivutwa mbele na watu. Lazarus akaenda nyuma ya Morris. Kipkoech akaenda nyuma ya Morris. Mstari ule ulipita mti wa krismasi uliopandwa na wamisionari, ukakunja kona.

Nyuma ya Jackton alisimama Kiptanui, kwa sababu alikuwa ameambiwa asimame na akasema sawa mzee. Na nyuma ya Kiptanui, Syprose. Mwihaki alimwita kwa macho kutoka mstari wa pili, naye akatikisa kichwa. Isingewezekana kanisa lote limwone akimwacha mume wake amesimama na fundi tu. Alikaa pale juani akiitazama shingo ya Jackton ikianza kulowa jasho, akajichukia kidogo, na akamchukia yeye zaidi.

"Kuna mtu anachukua maneno yangu," Jackton alimwambia jioni hiyo. "Hii simu imeingiliwa. Serikali ina mashine." Akanunua simu ndogo ya vibonye, akaingia nayo bafuni, akazima feni, akampigia Apiyo kumweleza kuhusu mashine za serikali.

Mwezi uliofuata feni ikaanza kukwaruza. Vumbi na nyuzi za taulo zilikuwa zimeshika mapanga. Syprose ndiye aliyemwita Kiptanui aje kuisafisha, na ndiye aliyechagua saa. Kisha akamwambia mume wake kwamba Morris amewaalika chai, wamalize mambo ya uchaguzi kama watu wazima. Jackton alinung'unika, akavaa koti.

Wakaketi varandani wanne, Morris na Mwihaki upande mmoja, Opondo na mkewe upande wa pili. Morris aliuliza habari za ng'ombe. Jackton akajibu ng'ombe ni wazima. Ng'ambo ya ua walimsikia Kiptanui akiburura ngazi, kisha feni ikazimwa. Halafu simu ya Kiptanui ikalia, ndani kabisa ya bafu, na ikalia pale mezani.

"Eh, niko kwa ule mzee wa kiwanta," bomba likasema. "Ile feni yake. Acha tu. Nilimwampia hiyo pompa ya choo itapepa sauti, nikamwampia kapisa, yeye akasema ati anajua hewa. Hewa kani? Si alikuwa anakeuza majani na reki." Likacheka. "Alinilasimisha nisimame kwa mstari wake, tulikuwa mimi na mama peke yetu, kama watu wa matanga. Huyo mama ntiye ako na akili huko. Mzee ni kelele tu."

Syprose alijua vizuri kwamba Kiptanui hakuwahi kumwonya mtu kuhusu jambo lolote duniani. Lakini hakuwa na haja ya kulisema hilo sasa. Alikuwa anamtazama mume wake.

Jackton alikuwa ameinua kikombe na hakukifikisha mdomoni. Macho yake yalipanda juu ya saiprasi mpaka kwenye lile tundu la kijivu, yakashuka kwenye viti vya chama vilivyopangwa ukutani, yakahesabu viti. Alikuwa mtu wa kiwanda, hata hivyo. Kitu kikishaanza kuzunguka kichwani mwake kilizunguka mpaka mwisho.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mlipoiweka," Mwihaki akasema.

"Kila kitu?"

"Sisi hatukuwa tunasikiliza, mzee," Morris akasema, na ilionekana anaona aibu kwa niaba ya kila mtu. "Tulikuwa tunasikia tu. Viazi vina heshima yake, lakini."

Jackton akaweka kikombe chini. Akageuka kwa mkewe. "Na wewe ulijua."

"Nilikuwa nimekaa hapa hapa," Syprose akasema, "ukimwambia Apiyo mimi ni kuku."

Hawakukaa sana baada ya hapo. Waliaga, wakatoka kwa njia ndefu inayopita kando ya shamba la chai, kwa sababu hakuna kati yao aliyetaka kukutana na Kiptanui mlangoni. Jackton alitembea mbele. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Walipofika kwenye kona alisimama.

"Apiyo ndiye alianza hayo maneno," akasema.

"Mpigie."

"Nani?"

"Apiyo. Mwambie nani alipiga misumari."

"Nitampigia nikifika nyumbani."

"Nyumbani wapi? Bafuni?" Syprose alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, amenyoosha miguu, mkoba magotini. "Mpigie hapa. Mimi sina haraka."

Jackton alimngoja ainuke. Hakuinuka. Wachumaji wa chai walikuwa karibu, vikapu mgongoni, mikono inakwenda na vichwa vimeinama. Akatoa ile simu ya vibonye, ambayo pale konani hushika mtandao kwa shida, na kwa hiyo ilibidi apige kelele.

"Dada? Ni mimi. Ile habari ya madirisha... Madirisha. Si yeye. Ni mimi niliyapiga misumari. Misumari, dada. Hapana, si msumeno, nani ana msumeno? Mi-su-ma-ri."

Mikono ya wachumaji ikasimama. Mmoja wao, mama mwenye kilemba cha njano, aliuliza mwenzake kwa sauti mzee ametaja nini, na mwenzake akamwambia misumari.

"Anauliza umeniwekea nini kwenye chakula," Jackton akasema, ameziba simu kwa kiganja.

"Mwambie na hayo ya mikono yangu," Syprose akasema. "Na ya dada zangu."

Jackton akafungua mdomo, na simu ikakatika. Alimtazama mke wake kwa matumaini. Syprose aling'oa jani moja la chai kwenye kichaka cha karibu, akalisugua kati ya vidole, akanusa.

Jackton akapiga tena.